Siku Niliyotafsiri Jeneza

Jamani, aibu hii ni yangu na sitaisingizia mtu. Huko Usangi wapo wanaoniona njiani mpaka leo na kuziba midomo kwa kanga, nami nimejifunza kutangulia kucheka, maana ukitangulia inauma kidogo tu (uongo, inauma vilevile).

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nimemaliza sekondari nimerudi nyumbani kukaa, kazi niliyoiweza sana, ndipo gari la sinema likapanda kutoka mjini na mwenyekiti wa kijiji akaniambia, “Wewe msomi, utufasirie Kiingereza, au uje msaragambo, kazi ya kijiji, na wenzako mbebe mawe.” Mawe! Nikakubali hajafunga mdomo, ingawa Kiingereza changu kilitosha kuombea ruhusa ya kwenda chooni.

Tena nikamchukua na Shangazi Namkunda. Alifiwa na mumewe wakati wa vuli, na tangu hapo halimi, hateki maji, anashinda kitandani kaugeukia ukuta, uji ninaompikia anauonja kama dawa, mpaka tukaanza kuogopa kwamba tutazika wawili. Nikamwapia, “Shangazi, ni filamu ya kilimo cha kahawa. Utaona mibuni tu.”

Basi tumejaa ukumbini mchana kweupe, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, picha inaanza, na badala ya mibuni naona jeneza. (Fundi wa sinema alibeba kopo la filamu silo.) Nikamtazama Shangazi benchi la mbele, shingo imemkakamaa, nikaamua palepale: leo hapa hafi mtu. Nikashika kipaza sauti.

“Lile ni sanduku la nguo. Wanahama.”

Wakalishusha kaburini.

“Wanazificha. Kuna wezi.”

“Mbona wanalia?” akauliza Mzee Mbwambo.

“Ni nguo nzuri sana, babu.”

Ukumbi ukaguna. Mjane wa kwenye filamu akajifungia ndani akakataa chakula, nikasema anaumwa jino. Akaenda mtoni akasimama akiyakodolea macho maji, nikasema anatafuta pa kufulia.

“Afue nini, na nguo wameshazika?” akapayuka mama mmoja, na hapo watu wakaangua kicheko, wanapigana mabega, benchi moja likavunjika na walioketi wakaendelea kucheka wakiwa sakafuni, mwenyekiti anauliza ni shule gani iliyonipa cheti, nami jasho linanitoka mpaka magotini.

Shangazi akainuka, akaninyang'anya kipaza sauti.

“Huyu amefiwa na mumewe,” akasema. “Kaeni chini.”

Kiingereza hajui hata neno, lakini aliifasiri filamu ile yote. “Sasa nyumba imekuwa kubwa mno kwake. Sasa hao wanamwambia avumilie, na yeye anatamani kuwapiga.” Mjane akaondoka pale mtoni, akarudi kwake, akawasha moto, akabandika sufuria.

“Huyu,” Shangazi akasema polepole, “ana njaa.”

Tukirudi nyumbani alicheka mpaka akashika mti. “Nguo nzuri sana, babu! Mwanangu, hata uongo umekushinda?” Akaingia jikoni mwenyewe, akapika makande, akala, akaongeza, kisha akavuta na sahani yangu.

Nikalala na njaa, furaha tele, nikaapa: mtu akifa kwenye sinema, nitasema amekufa.