Nilichosikia Nyuma ya Ua wa Mabati

Siku yangu ya kwanza kazini, fundi mkuu wa sauti alinivalisha hedifoni akaniuliza, "Unasikia nini?" Nikamwambia sisikii kitu. "Basi bado hujaanza kazi," akasema.

Nilianzia redioni, nikarekodi harusi na mikutano ya injili Rongai na Tuala, mwisho nikaingia filamu. Huko tunatumia maikrofoni ya kifua, ndogo kama kifungo, inayofichwa ndani ya nguo ya mwigizaji. Mimi namsikia, yeye hanisikii. Vijana huona hilo ni jambo dogo.

Filamu yangu ya mwisho ilikuwa ya kuchekesha, ya msichana mtundu wa bweni anayeficha mbuzi chini ya kitanda na kutoroka shule kila mara. Tuliipiga katika shule moja nje ya Kitengela wakati wa likizo. Naserian, msichana wa Kajiado, ndiye aliyeigiza huyo mtundu, na hata kamera ikizimwa hakuambilika.

"Mzee Wafula, leo usisikize nikitafuna chingamu," aliniambia nikimfunga maikrofoni.

Alipaswa kuruka ua wa mabati na kungoja upande ule mwingine aitwe. Aliruka. Nikamsikia akianguka, akicheka, akitafuna. Kisha kutafuna kukakoma. Nyasi kavu zikavunjika polepole, na pumzi nzito ikapita, si ya mtu.

"Mzee," akanong'ona. "Kuna simba."

Nilisimama, dairekta akafoka, "Nani anasimama? Bado tunapiga!"

"Kuna simba nyuma ya ua, pale alipo mtoto, madam."

Askari wa shule, Ole Sankale, akainua mkono. "Mtu asipige kelele. Huyo msichana akikimbia, amekwisha."

Tungemwambiaje asikimbie? Moyo wake ulikuwa ukigonga ndani ya masikio yangu, na nilishindwa hata kumwambia niko hapa. "Yieyo," akaita mama yake kwa Kimaa. "Yieyo." Halafu akajiambia, "Sikimbii. Sikimbii." Viatu vyake vikaanza kukwaruza mchanga, kinyumenyume.

Ole Sankale alifungua mlango mdogo wa ua, akatoka na rungu. Nikamsikia akimwambia kwa upole, "Mtazame tu. Niko nyuma yako." Nyasi zikavunjika tena, karibu zaidi. Nilifumba macho. Kisha komeo likagonga, na Naserian akaanguka ndani, mzima, akilia. Simba akarudi zake upande wa mbuga.

Kesho yake dairekta alinijia. "Ile pumzi ya Naserian tuiweke penye anatoroka. Watu watadhani anaogopa mwalimu. Watacheka sana."

"Tumuulize mwenyewe, madam."

Naserian alivaa hedifoni, akasikiza hadi pale alipomwita mama yake. Akazivua.

"Futa, Mzee."

Dairekta akaitikia kwa kichwa. Nikaifuta.

Filamu ilipoonyeshwa katika ukumbi wa shule, wasichana walicheka hadi wakagonga meza, na Naserian aliwashinda wote kwa kicheko. Mimi, aliporuka ule ua, nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Sasa nimestaafu, nakaa Laiser Hill. Watu huniuliza kama nazikosa zile kelele za kazi. Kelele hazijawahi kunitisha. Wajukuu wakicheza nje wakanyamaza ghafla, hapo ndipo mimi huacha chai yangu na kutoka mbio, bila viatu.