Ufunguo Niliokariri Kichwani

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiisimulia masikio yananiwaka moto.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, fundi wa kompyuta pale Kilosa mjini, na sifa zimenijaa hadi puani. Nilizunguka majumbani kuwawekea watu programu za ofisi, zile za kuandikia barua na mikataba. Unajua ukiiweka, mashine inakudai ufunguo wa leseni, herufi na tarakimu ishirini na tano. Wenzangu waliusoma kwenye karatasi. Mimi? Nilikuwa na wangu mmoja, nimepewa na rafiki Morogoro, nimeukariri kama sala. Nauandika huku natazama pembeni, watu hoi! Kila nyumba, ufunguo ule ule.

Akaniita Mzee Kayanda wa Masanze, katibu wa kamati ya kuwapatanisha wakulima na wafugaji. Binti yake alimnunulia kompyuta pamoja na programu halali, ndani ya boksi lake.

"Binti, ufunguo si huu hapa kwenye boksi?"

"Uache tu humo, mzee wangu. Mimi ninao wangu kichwani."

Kiherehere hicho! Programu ikakubali siku ile, nikaondoka natembea kwa maringo. Wiki chache baadaye, asubuhi ya kusaini makubaliano, ikajifunga. Unasoma, lakini huandiki wala hubadilishi kitu.

Na ndani yake mlikuwa na mkataba wa njia ya ng'ombe kwenda mtoni, umebaki kifungu kimoja tu walichokubaliana jana yake. Mvua zilikuwa zinakaribia. Bila njia ile ng'ombe wangepita kwenye mpunga wa watu, na sote tulijua kinachofuata ni fimbo na mapanga. Kuandika kwa mkono walikataa, maana msimu uliopita kila upande ulidai mwenzake kaongeza neno kwenye nakala yake.

Wakaniita, nikafika, nikawapa shikamoo wazee wa pande zote mbili. Wakaitikia marahaba, wakawa wananitazama mikono. Nikaandika ufunguo wangu. Mashine ikakataa, ikasema umeshatumika kupita kiasi. "Umeme wa huku mdogo," nikawaambia. Nikajaribu tena. "Hivi ni virusi." Mara ya tatu nikaisingizia kompyuta yenyewe kwamba ni mbovu. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yangu ilikuwa imefika mwisho.

Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia kwetu kutoka kanda ya ziwa, akaniuliza kwa upole, "Binti yangu, hiyo mashine inasemaje hasa? Tusomee."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasoma kwa sauti, machozi yakinilenga, kisha nikasema, "Wazee wangu, kosa ni langu. Nimewawekea ufunguo usio wenu."

Mzee Kayanda hakupandisha sauti. "Hatukukuita kwa kuwa unajua kila kitu. Tulikuita kwa kuwa tunakuamini. Hapa tunapatanisha watu waliochoka kudanganyana, nawe unatuongezea uongo mezani? Haya, fanya kazi."

Nikaweka nakala ya mkataba kwenye flashi kwanza. Nikaiondoa programu yote, nikazima kompyuta, nikawasha, nikaiweka upya kwa diski yao, nikausoma ufunguo wa kwenye boksi taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikafunguka! Kifungu kikaandikwa, nakala mbili zikatoka kwenye printa, na kabla ya chakula cha mchana saini zote zilikuwa zimewekwa.

Kisha nikaanza kurudi nyumba moja baada ya nyingine, hadi Mikumi, kuwaeleza wote niliowawekea ufunguo ule. Wengine walinifokea kweli kweli. Lakini ndio hao hao walionipa kazi kwa miaka mingi baadaye.

Basi shika hili, mwanangu. Mashine ikigoma, soma inachosema kabla ya kuilaumu. Usifute kitu cha mtu kabla hujakiwekea nakala. Kila nyumba iwekee leseni yake, hata kama yako unaijua usingizini. Na ukikwama, sema nimekwama. Mficha uchi hazai. Kukwama hakujawahi kumvunjia fundi heshima. Mimi nilikaribia kuwapiganisha watu kwa kuogopa maneno mawili tu: sijui, nimekosea.

Mungu akupe mikono myepesi na ulimi mkweli, na popote utakapoitwa, watu wafurahi kukuona ukirudi.