Takwimu Nyuma ya Pazia

Mama yangu aliingia jeshini na cheti cha darasa la saba, akatoka na shahada ya elimu. Hakuwahi kuwa ofisa. Alikuwa koplo, muuguzi wa zahanati ya kambi pale Musoma. Mimi niliyeishia kidato cha nne nimezunguka nchi hii nikifuata malori, pamba na mawe ya thamani ya Mererani, na kila nilipofika nimewasimulia watu habari hiyo hata bila kuulizwa.

Alianza miaka ile sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni. Kambi ilikuwa na madarasa ya jioni kwa askari. Akitoka zamu alipitia nyumbani, akala samaki wadogo wa furu wa kuchemsha kwa sababu mafuta ya kukaangia hayakuwepo, kisha akarudi darasani na kombati yenye kiraka gotini. Kidato cha nne alikipata kabla yangu, na alama za hesabu alinizidi. Kidato cha sita kikafuata. Alipokubaliwa na chuo kikuu cha kusomea kwa njia ya posta, maduka yalikuwa yamejaa tena, mitumba imelundikana sokoni Nyasho, na mimi nilikuwa Bunda nikisimamia mizani kwa mnunuzi binafsi wa pamba.

Mwaka wa mwisho somo moja likamkwamisha: takwimu. Alifeli. Mkuu wa kikosi akamwita, akamwambia kibali chake cha masomo kinaruhusu kurudia mara moja tu. Akifeli tena kinafutwa, naye atahamishiwa kambi ya mbali isiyo na darasa. Miaka kumi na kitu ya kusoma ingeishia hapo.

Ndipo sababu ikajulikana. Aliyefundisha takwimu kambini alikuwa luteni, na luteni huyo alikuwa mume wa dada yangu. Kwetu Butiama mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mama alikuwa amekwepa vipindi vyake vyote. Hata njiani ilikuwa shida. Jeshi lilimtaka ampigie saluti ofisa, mila ilimtaka ampishe mkwe, basi mama alikuwa anaingia majanini, anageuza uso na kulipigia saluti ziwa. Askari wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Koplo," mkuu alimwambia, "jeshini hakuna mkwe."

"Ndiyo, afande."

"Kwa hiyo utaingia darasani?"

"Hapana, afande."

Siku hizo mimi nilikuja nyumbani kuaga. Begi lilikuwa tayari, nilitaka kwenda Mererani. Mama hakulitazama.

"Utaondoka nikishafanya mtihani," alisema. "Nataka mtu wa kufundishwa takwimu."

"Mama, si mtihani wako?"

"Ndiyo wangu. Kaa."

Kwetu wakwe wakilazimika kusemezana hupitia mtu wa tatu. Basi ikawa hivyo. Saa kumi na moja jioni shemeji alikuja na ubao mdogo, akaketi sebuleni akinitazama mimi. Mama alikaa chumbani nyuma ya pazia, daftari magotini. Shemeji alinifundisha mimi. Mama akiwa na swali alisema, "Muulize shemeji yako, hapo kagawa kwa ngapi?" Nami nililirudia swali neno kwa neno, ingawa shemeji alikuwa amelisikia vizuri kabisa, na jibu nilirudishiwa mimi.

Wiki ya kwanza tulikwenda vizuri. Ya pili tukafika pale pa kupima namba zilivyotawanyika mbali na wastani, na mimi akili yangu ilishafika Mererani. Shemeji akauliza, "Umeelewa?" Nikasema, "Nimeelewa," ili tumalize. Akafuta ubao.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Hajaelewa."

Shemeji akajibu bila kufikiri, "Amesema ameelewa."

"Huyo tangu darasa la kwanza husemaga ameelewa!"

 Walikuwa wamesemezana, uso kwa pazia, bila kupitia kwangu. Shemeji aliweka chaki chini, akainamisha kichwa.  Nilijua akitoka mle ndani kwa aibu hatarudi, na mama atafungasha mizigo ya uhamisho, na chanzo kitakuwa uongo wangu wa neno moja.

Shemeji akainua macho, akayatazama mabati. "Basi huyo kijana aseme ni wapi hajaelewa."

Mama alikohoa. "Hajaelewa kwa nini zile tofauti zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe."

"Kwa sababu zingine ni hasi na zingine ni chanya. Ukizijumlisha hivihivi, zinafutana. Unabaki na sifuri, kana kwamba hakuna kilichotawanyika."

"Ehee!" Nilisikia kalamu ikikwaruza. "Sasa kijana kaelewa."

Kuanzia jioni hiyo sikuhitajika kurudia chochote. Nilikaa pale kama kiti, wakizungumza kunipita juu ya kichwa. "Kijana amefanya zoezi?" "Amefanya, ila la tatu limemtoa jasho." Kijana huyo sasa alikuwa mama mwenyewe, mwenye miaka arobaini na mitano na wajukuu wawili. Shemeji, kwa usalama, alimpelekea bibi yetu kule Butiama mbuzi wa kufidia mwiko uliovunjwa. Bibi alimpokea mbuzi kwa furaha, wala hakuuliza kosa ni lipi.

Mama alifanya mtihani, nami nikamsubiri nje hadi alipotoka. Tulipofika mtaa wa Makoko alisema tu kwamba ana njaa. Majibu yalipokuja mkuu wa kikosi aliyasoma kwenye gwaride: koplo amefaulu. Wanasema mama alisimama wima bila hata kutabasamu. Nyumbani alikaa kitandani na barua ya majibu, akaisoma, akaikunja, akaikunjua akaisoma tena, kisha akaniruhusu niondoke.

Sikuondoka. Mkuu alikuwa amempa darasa la jioni alifundishe yeye, nikangoja siku hiyo nimwone. Nilisimama dirishani. Askari walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, na masajenti wawili waliomzidi cheo walikuwa mbele. Mama alipoingia na chaki mkononi, hao ndio waliotangulia kusimama.