Saa Kumi ya Nansha

Mume wangu alizaliwa Mwanza, kwenye ziwa ambalo maji yake hayajui kujaa wala kupwa. Mimi ni wa Tanga. Hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi aliposema kwamba Jumamosi tunakwenda Nansha kuvua samaki.

Alikuwa Guangzhou, Uchina, kwa masomo, mimi nikamfuata. Chini ya nyumba tuliyopanga kulikuwa na duka la vifaa vya uvuvi, na laoban wake, ndivyo tulivyomwita kila mwenye duka, alimwonyesha picha ya luyu mkubwa, samaki wa pale mto unapokutana na bahari. Mume wangu akaruka kama mtoto. "Huyu si sangara! Sangara wa maji ya chumvi!" Kwa kweli walifanana, mpaka paji lililobonyea na macho yanayong'aa. Tangu siku ile hakunywa chai bila kumtaja. Mimi Jumamosi ile nilitaka kwenda soko la Shiling kutazama pochi, lakini nani angemwangalia? Niliogopa barabara, niliogopa chakula cha njiani, niliogopa askari wa kuuliza pasipoti, na kila hofu niliisema kwa sauti.

Laoban alitupeleka kwa gari lake asubuhi. Alituteremsha penye ukuta wa bahari, akamwonyesha mume wangu njia ya mawe iliyoingia majini, ndefu, yenye shingo iliyobonyea katikati. Akasema maneno kwa Kichina, kisha akaenda kuwasalimia wakwe zake.

"Amesemaje?"

"Hii njia itafunikwa na maji saa kumi. Kabla ya hapo nitakuwa nimerudi. Usijali, mama."

Akaniachia simu yake isilowe, akavuka ile shingo na viatu vikavu, akasimama mwisho wa mawe na fimbo yake ya kuvulia.

Nilikaa ukutani. Ng'ambo, winchi za bandari mpya zilikuwa zinapakia makontena. Mbele yangu palikuwa na matope matupu. Maji yamekupwa hivi asubuhi, nikawaza, yatakaaje nje mpaka alasiri? Bahari gani hiyo yenye likizo? Nikajaribu kujituliza: labda Uchina bahari nayo ina taratibu zake, kama kila kitu kingine. Lakini magamba ya chaza yalikuwa yamegandia ukuta mpaka karibu na miguu yangu.

Nilipoona povu la kwanza likitambaa juu ya matope, nilielewa. Laoban alisema shi dian. Dian ni saa, shi ni kumi. Mume wangu akaichukua kumi kama ilivyo, akaitia kwenye saa yetu sisi Waswahili, saa kumi ya alasiri, jua likiwa limeshaanza kushuka. Kumi ya laoban ilikuwa saa nne asubuhi. Na saa nne ilikuwa imekaribia.

"Wee! Toka huko! Maji yanajaa!"

Akanipungia mkono.

"Kumi yao ni saa nne yetu!"

Akapunga tena. Kisha fimbo ikapinda, akanigeuzia mgongo. Sangara wake alikuwa amekula chambo. Na mume wangu hajui kuogelea. Alikulia ziwani akiogopa mamba. Shingo ya mawe ikaanza kumezwa, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita juu yake kwa kasi. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita kwa jina la mama yake, nikamtukana, nikamwomba Mungu. Hapakuwa na mtu wa karibu, na hata angekuwapo, Kichina changu kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, sitaki.

Basi nikanyamaza. Nikavua viatu, nikashuka. Wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi niliyaoga na baibui langu. Yalikuwa yamenifika kiunoni, miguu inateleza juu ya mawe, nilipomwona amegeuka. Alinitazama mara moja tu. Akatupa fimbo, samaki na kila kitu, akaja mbio. Penye shingo maji yalimfika kifuani, akayumba, nikamdaka mkono, tukavutana hivyo hivyo mpaka ukutani.

Nilimpiga kofi la bega, kisha nikalia kwa hasira.

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia muda wote. Nilidhani ni zile hofu zako."

"Sasa kilichokutoa nini?"

Alikuwa anakamua shati lake. Hakuniangalia.

"Ulinyamaza," alisema. "Tangu tuoane sijawahi kukusikia umenyamaza."