Mtu Aliyeingia Pembeni mwa Picha

Kuna kundi la kwenye simu la watu wa Tabora, waliopo na waliotawanyika, na kazi yake ni moja tu: kutumiana picha za mji wa zamani. Maduka, hoteli, maghala ya tumbaku, mashine za kukoboa mpunga. Nilijiunga mwaka jana nikidhani nitatulia humo. Sijatulia hata siku moja. Kila asubuhi kuna bwana wa Usoke anayetuamkia "Mwangaluka" kwa picha ya ua jekundu ambalo sijaliona likiota popote mkoani kwetu, na watu themanini wanamjibu mmoja mmoja, kwa hiyo picha ya maana iliyotangulia inazama chini kabisa. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi. Makelele nimeyazoea, lakini makelele ya darasa la tatu yana kengele ya kuyamaliza.

Na ukituma picha ya jengo, hakuna anayelitazama jengo. Mmoja atasema hapo palikuwa baa. Mwingine atasema haikuwa baa, lilikuwa duka la baiskeli, na kama hujui bora unyamaze. Wa tatu hajawahi kukanyaga Tabora, kazaliwa Dar, lakini babu yake alimsimulia, basi anawasahihisha wote wawili. Jengo lenyewe limeandikwa jina lake pale juu ya mlango kwa herufi ukubwa wa ndoo. Hawasomi!

Nimebaki humo kwa sababu ya mama.

Marehemu baba alikuwa na hoteli. Hoteli ya kula, si ya kulala: chai, chapati, supu, wali nyama. Ilikuwa kwenye barabara ya kutoka stesheni kuja sokoni, jengo refu lililopakwa chokaa, baraza mbele, nguzo nne za mbao, milango miwili mipana. Abiria wa Kigoma na wa Mwanza walikuwa wakisubiri treni hapa Tabora kwa saa nyingi, na mtu anayesubiri treni hula. Leo mahali pale pana ghorofa la vioo na alumini lenye fremu kumi na sita, na fremu kumi na mbili kati ya hizo zinauza kava za simu. Kila nikienda sokoni napita hapo, na kila nikipita nakasirika, ingawa daktari wangu ameshanikataza kukasirika.

Baba alifariki nikiwa na miaka mitatu, mtoto wao wa pekee. Sikumbuki chochote juu yake. Na wala sina picha ya kunikumbusha, na hapo ndipo inapoanza habari ya shangazi.

Mama alipokaa eda, shangazi, dada yake baba, alihamia kwetu kumwangalia. Alikuwa mwanamke wa dini na wa usafi, na katika hayo mawili hakuwa na mzaha. Akaamua kwamba mjane aliye kwenye eda hawezi kukaa miezi minne na siku kumi akitazamwa na macho ya mumewe kutoka ukutani. Akazishusha picha zote. Mpaka hapo sina neno, maana si yeye peke yake aliyefanya hivyo. Wengine walizifungia sandukuni yakaisha. Shangazi hakutaka sanduku. Alitaka kuzichoma, akawasha na mkaa kabisa, kisha moyo ukamshinda: atautiaje moto uso wa kaka yake? Kwa hiyo alichukua wembe, akakata uso tu kwenye kila picha, akazikunja nyuso zote ndani ya kipande cha bafta, akazizika uani karibu na tangi la maji. Picha zilizobaki akazirudisha kwenye albamu, kwa mpangilio ule ule.

Ninazo hadi leo. Shangazi alikuwa fundi wa kudarizi kofia, mkono wake haukutetereka. Alikata kuanzia chini ya ukingo wa kofia mpaka kidevuni, bila kugusa kofia, bila kugusa kola. Picha za hoteli ni saba. Katika zile nne alizokuwamo baba kuna kofia, kuna shati lililokunjwa mikono, na katikati kuna tundu. Wapishi wana nyuso. Wateja wana nyuso. Mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ana uso, tena ametazama kamera vizuri kuliko wote.

Nilichimba uani, ndiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ualimu nikiwa na akili nyingi. Nikapata vigae na nusu ya kijiko. Karatasi ndani ya udongo, mvua za miaka kumi na tisa, sijui nilitegemea nini. Nikamwendea shangazi nikamuuliza kwa nini hakuzificha tu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu," akasema, "mbona picha zote zipo?" Alifariki kabla sijamsamehe vizuri, na hilo nalo linaniudhi.

Sasa mama. Mwaka jana macho yake yalianza kuzima. Hospitali wakasema ni presha ya macho, tumechelewa. La kushoto limeshakwenda, la kulia limebakiwa na mwanga kidogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilichopotea hakirudi, daktari akasema, na hiki kilichobaki hatuwezi kuahidi kitadumu. Mama hakulia. Baada ya siku mbili akaniita akaniomba kitu ambacho hajawahi kukiomba.

"Nataka kumwona baba yako."

"Mama, unajua picha zilivyo."

"Najua. Mikono yake naikumbuka. Anavyotembea nakumbuka. Uso umeniponyoka. Nikifika huko nitamjuaje?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, huko watajuana tu.

"Wewe umeshafika?" akaniuliza.

Ndiyo maana nikajiunga na lile kundi. Niliandika kwa herufi kubwa kama ubaoni: natafuta picha ya hoteli hii, awemo na mwenye hoteli. Jumbe zikamiminika. Mmoja akanitumia picha ya hoteli ya Dodoma. Mwingine akatangaza mbolea ya tumbaku. Mzee wa Goweko akasema alikuwa anakula supu pale kila akija mjini, na akanieleza supu yenyewe kuanzia mfupa mpaka ndimu, ujumbe mrefu wa kusoma kwa awamu. Nikamuuliza, shikamoo mzee wangu, na mwenye hoteli alikuwaje? Akajibu: "Marahaba. Mwenye hoteli simkumbuki, lakini ile supu!" Niliweka simu chini nikaenda kufua, nikafua na nguo zilizokuwa safi.

Kisha mama mmoja aliyeko Muscat, ambaye wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa jirani kabisa na hoteli ya baba, akatuma picha ya duka lao siku walipotundika kibao kipya. Picha nzuri. Baba yake amesimama katikati kwa kanzu na koti, majora ya vitambaa nyuma yake. Watu wakamwaga mashaallah. Mimi niliona kitu ukingoni, upande wa kushoto: kiwiko. Kiwiko cha mwanamume, mkono wa shati umekunjwa mikunjo mitatu hadi juu. Nimeishi na viwiko vya baba yangu karibu miaka sitini, ndivyo nilivyoachiwa. Sikuwa na shaka hata chembe.

Nikamwandikia pembeni nikimwomba picha nzima. Siku tisa! Mara yuko safarini, mara ana wageni, mara simu imeingia maji. Huku mama kila asubuhi anashika kikombe kwa kupapasa, nami nahesabu. Siku ya kumi ikaja, na maneno yake chini: "Samahani dada, niliipunguza ili ipendeze. Kuna mtu aliingia pembeni."

Mtu aliingia pembeni. Nilisimama jikoni na simu mkononi, nikataka kumjibu kwamba mtu huyo alikuwa mlangoni kwake, na kwamba ni duka lenu ndilo lililoingia pembeni mwa hoteli yetu. Sikumjibu hivyo. Nilimwandikia ahsante, Mungu akuzidishie, kwa sababu alikuwa amenitumia baba yangu mwenye uso, na nilikuwa nalia.

Tatizo, uso wenyewe ulikuwa mdogo kama punje ya mchele. Ukiuvuta kwenye simu unageuka vumbi. Nikaenda kwa bwana mmoja mwenye steshenari karibu na soko, mtu mzima mwenye mvi zake, niliyemfundisha mwenyewe kuandika jina lake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nataka uikuze hii, ukubwa wa sahani. Usiongeze kitu, usipunguze kitu."

"Ondoa shaka, mwalimu."

Baada ya siku mbili akanikabidhi picha ya mwanamume aliyevaa suti. Suti na tai! Ngozi nyororo, meno meupe yote yamepangwa, na nyuma yake, badala ya mlango wa hoteli, bustani.

"Nimemng'arisha," akasema kwa furaha. "Pale palipokuwa hapaonekani kompyuta imemalizia yenyewe."

"Imemaliziaje mtu ambaye haijawahi kumwona?"

"Inakadiria, mwalimu."

Nakiri jambo moja. Nilikasirika, lakini ile picha niliichukua. Nilifikiri mama hatajua. Uso upo, unaonekana wazi, mwenye macho mabovu atauona, atatulia, nami nitapumzika. Nilijiambia kwamba huko si kudanganya. Nikaenda nayo nyumbani, nikamwekea mbele ya jicho la kulia.

Aliisogeza polepole, juu, chini, akiipitisha kwenye ule mwanga wake mdogo.

"Nani huyu?"

"Baba."

"Mbona anacheka?"

"Amefurahi, mama."

"Amefurahi? Hotelini?" Akanirudishia ile karatasi. "Mrudishie mwenyewe."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na kwa kuwa mtu akiona haya hutafuta wa kumkasirikia, nilirudi steshenari nikasimama juu ya kichwa cha yule bwana mpaka akachapa picha kama ilivyo, bila kung'arisha, bila kukadiria. Ikatoka mabaka ya kijivu. Mama aliishika muda mrefu. Aliipeleka kila upande, akafuta jicho kwa ncha ya mtandio, akaipeleka tena.

"Sioni," akasema. "Naona moshi tu."

Nikamwambia tutajaribu kwingine, Mwanza wana mitambo mizuri zaidi, nitaongea na fulani.

"Acha," akasema. "Wewe unaona? Basi nisomee."

Nikakaa naye kwenye mkeka. Na hapo nikagundua kwamba katika mbio zote zile, kwa kugombana na kundi zima na Muscat na steshenari, mimi mwenyewe nilikuwa sijamtazama. Nilitafuta uso kama mtu anayetafuta risiti. Nikaishika karatasi mbali kidogo, macho yakiwa yamebanwa, na mabaka yakaanza kukaa mahali pake.

"Amesimama mlangoni," nikasema. "Ana kofia."

"Uso ameufanyaje?"

"Ameukunja. Nyusi zimekutana. Ana paji pana kama langu. Mdomo uko wazi, kama anaongea."

"Anaongea na mpiga picha?"

"Hapana, wala hamtazami. Anatazama chini. Kuna baiskeli imelazwa pale mlangoni, imefungwa madebe mawili."

"Ya asali," mama akasema haraka. "Yule wa Ipole. Na mikono?"

"Mmoja kiunoni. Mwingine ameunyoosha, anaonyesha kidole."

Mama akajinyoosha mgongo. Akaweka mkono mmoja kiunoni, akanyoosha mwingine, na kutoka kwenye kile kifua chake chembamba ikatoka sauti nzito nisiyoijua, sauti ya mwanamume aliyechoka na mwenye wateja wengi:

"Bwana we! Kila siku! Baiskeli mlangoni, watu wapite wapi, kichwani mwangu? Iondoe hapo! Ukishaiondoa njoo unywe chai, na usiniambie umeshakunywa, toka Ipole hujanywa kitu!"

Nina miaka sitini na mmoja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia baba yangu.

Mama akashusha mikono. Alikuwa anahema kidogo, na jicho lake lile la kulia lilikuwa limefumbwa.

"Ndiye," akasema. "Basi. Huyu nitamsikia kabla sijamwona."