Nilipikia watu watatu kwa hesabu ya watu thelathini, shemeji karibu aondoke na mke wangu

Wakuu wa jikoni, salamu kutoka Kericho, huku mvua inapiga bati kila mchana.

Hii nawaambia ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa. Nikiongeza uongo hata kidogo, kuni zangu ziwe mbichi mwaka mzima.

Mimi ni mpishi wa kempi kwenye shamba la chai. Nalisha watu thelathini, wanaume wa kukata msitu na kupanda miche. Jumatano ni siku ya nyama. Sufuria yangu ni nusu ya pipa la mafuta, kuni zangu ni magogo.

Saa sina, napima na kengele. Kengele ya kuamka naweka nyama, kengele ya mwisho ya kupima majani ya chai naitoa. Inaiva mpaka mfupa unachomoka wenyewe. Watu wananisifu, na mimi kichwa kinavimba.

Sasa sikieni ujinga.

Mke wangu Akinyi alikuja huku kutoka kwetu ziwani mwaka jana. Nyuma yake kukaanza maneno: ati mpishi anashiba kazini, bibi analala njaa. Yawa! Watu wana midomo!

Basi wakamtuma kaka yake mkubwa, Ouko, ndiye aliyemlea, aje aone kwa macho. Akikuta dada yake hali vizuri, anarudi naye. Hakuna kesi.

Ouko akashuka treni stesheni ya Lumbwa, akatembea na fimbo yake mpaka kwetu. Alifika Ijumaa. Ni mtu wa heshima, na meno sita ya chini hana, aling'olewa ujanani kama desturi yetu ilivyo. Kwa hivyo nyama yake lazima iwe laini. Hilo nilijua. Nilijua kabisa!

Jumamosi nikaomba ruhusa kazini. Nilikuwa nimepata mguu wa fahali mzee. Akinyi akasema, "Wacha nipike mimi." Nikamwambia akae, hii ndiyo kazi yangu, shemeji aone mkono wangu.

Nikapiga hesabu. Misheni walinifundisha kugawanya, na hiyo kugawanya ndiyo iliniua. Kule watu thelathini, hapa watatu, basi gawanya kwa kumi. Nyama kwa kumi, chumvi kwa kumi, maji kwa kumi.

Na muda? Si pia kwa kumi!

Kengele ya kuamka nikaweka nyama. Kengele iliyofuata haijalia hata, nimeshapakua.

Najua kuna mmoja hapo anacheka. Cheka tu.

Ouko akatafuna. Akaipeleka kulia, akairudisha kushoto. Mwishowe akaitoa kwa vidole, akaiweka kando ya sahani kwa adabu.

"Shemeji," akasema, "huyu ng'ombe bado anatembea."

Halafu akamgeukia dada yake. "Kesho tukitoka kanisani, funga vitu vyako."

 Akinyi aliinuka akaosha sahani ambazo hazikuwa chafu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Usingizi ulinikataa. Nikaona kosa ni muda, basi kesho nitaupa muda wote. Jumapili kengele hailii, kwa hivyo niliamka na jogoo. Nikachukua kipande cha pili cha ule mguu. Sufuria ile ile pana ya nyumbani niliyotumia jana, maji yale yale ya kugawanya kwa kumi, moto wa magogo kama wa pipa. Nikafunika, tukaenda kanisani sote watatu.

Kurudi, harufu ilitupokea njiani. Nyama ilikuwa makaa, na sufuria imetoboka. Maji ya bakuli mbili, moto wa kulisha kempi, mnategemea nini? Nilikaa kwenye gogo nikajitukana kwa lugha zote ninazojua.

Ouko alishachukua fimbo. Kilichomzuia si mimi, ni mvua. Ile ya kila mchana ilishuka, njia ikawa tope, akarudi ndani kunywa chai.

Akinyi akanisukuma kando.

Akachukua kipande cha mwisho, akakitia kwenye nyungu ndogo yenye mdomo mwembamba. Akavuta magogo yangu yote nje, akaacha vijiti viwili. Pembeni akaweka maji ya moto, na kila ya ndani ya nyungu yakipungua anaongeza kidogo.

"Utaitoa saa ngapi?" nikauliza.

"Ikiiva."

"Lakini sisi ni watatu tu!"

Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Nyama haijui mko wangapi," akasema. "Moto na maji ndio wanajua."

Akawa anaichoma na kijiti, anaonja, anafunika. Jua lilipokuwa linashuka ndipo akaitoa. Karibu nusu ya siku, si sehemu ya kumi! Kilichopungua kwenye muda wa pipa ni zile saa ambazo pipa zima linachukua kuanza kuchemka.

Ouko alikula yote. Alikula hata ute wa mfupa. Akapangusa mdomo.

"Nitawaambia nyumbani dada yangu hana njaa," akasema. Nikapumua. Nikaona nyumba yangu imesimama tena.

Kisha akaongeza, "Na nitawaambia kwa nini."

Akaondoka Jumatatu asubuhi, peke yake.

Kwa hivyo wakuu, nilichojifunza kwa aibu ni hiki: ukipunguza nyama, punguza chombo na moto, chunga maji, lakini muda usiuguse kwa hesabu. Uliza nyama.

Haya, semeni. Kuna mwingine amewahi kugawanya moto, ama ni mimi peke yangu? Na mlio kule ziwani, kama Ouko ameshafika, tafadhali niambieni amesema nini.