Kaseti Nne za Paluku

Jirani yangu ana redio ya zamani, na kila asubuhi jua likitoka hupanga betri zake juu ya ukuta wa mawe meusi unaotenganisha viwanja vyetu, ili zipate joto na kurudisha nguvu kidogo. Nikipita hapo na maji nasikia harufu ya betri hizo, chungu chungu, kama ya chuma kilichoota moto. Siku hizi nachoka upesi, nimekuwa mtu wa kutua ndoo katikati ya njia. Basi nikiitua pale ukutani, harufu ile hunirudisha Majengo, kwenye nyumba yetu ya mbao, kwa kaka yangu Paluku na ubishi wetu ambao sidhani kama watoto wengine wa Goma waliwahi kuwa nao. Tulibishana kuhusu kaseti nne za muziki wa metali.

Papa alikuwa dereva. Aliwahi kumpeleka mzungu mmoja Rumangabo, na yule mgeni akasahau, au labda aliacha makusudi, mfuko wenye kaseti nne chini ya kiti. Zote zilikuwa za bendi moja, na zote zilirekodiwa jukwaani, mbele ya watu. Magita yalinguruma, ngoma zilikimbia, na mwanamume mmoja alipiga kelele kwa Kiingereza ambacho hakuna mtu nyumbani aliyekielewa. Mtaa mzima ulisikiliza rumba na kwaya, sisi tukasikiliza hayo. Mama alipoyasikia mara ya kwanza alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hawa batu bako naimba ao bako napigana?"

"Bako naimba, Mama," Paluku alijibu.

"Basi ubaambie bapumzike."

Paluku alikuwa na miaka kumi na sita, mimi tisa. Aliyenitangulia kuzaliwa alikuwa mvulana, ndiyo maana mimi naitwa Kahindo, kama wasichana wote wa kwetu Butembo wanaokuja baada ya wavulana. Yeye alipenda shule na alipenda alama. Akachukua ukurasa wa daftari, akaupiga mistari kwa rula, akazitengenezea zile kaseti ripoti kama ya darasani: gita, ngoma, sauti, watu. Kila kimoja juu ya ishirini, kwa Kifaransa, maana alama kwa Kiswahili hazikuwa na uzito kwake.

Nyimbo zilikuwa karibu zile zile katika kaseti zote, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Ulisikiliza wimbo mmoja mara nne na kuuliza ni wapi ulikuwa hai zaidi. Ya kwanza, alisema Paluku, haina mpinzani. Walipiga mahali pakubwa sana, na katikati ya wimbo wa tatu mwimbaji alinyamaza kabisa akawaachia watu, na watu wakaimba ubeti mzima peke yao, maelfu, hadi redio yetu ndogo ikatetemeka mezani. Ya pili ilikuwa ya mbio. Kila wimbo ulimalizika mapema kuliko ulivyopaswa, kama watu waliosikia mvua inakuja na nguo ziko nje. Ya tatu Paluku aliitilia shaka. Alinirudishia ukanda mara tano ili nisikie jinsi makofi yalivyopanda na kushuka kwa namna ile ile baada ya kila wimbo. "Hii bameiosha," alisema. "Bameitengeneza nyuma, ndani ya studio. Public ya kweli haiwezi fanya vile." Mpaka leo naamini alikuwa sahihi.

Ya nne aliipa neuf sur vingt, tisa juu ya ishirini, na kuona amekuwa mkarimu. Watu walikuwa wachache, ulisikia mmoja mmoja akipiga mluzi. Sauti ya mwimbaji ilikuwa imekauka. Gita moja lilipoteza sauti yake katikati ya wimbo, wakasimama, wakaanza tena. Kabla ya wimbo wa mwisho yule mwanamume alikohoa kwa muda mrefu, akasema maneno mawili matatu taratibu, mtu fulani akacheka, na mpiga ngoma akagonganisha vijiti vyake mara nne.

Hiyo ndiyo niliyoipenda mimi. Sikuwa na sababu za kuandika kwenye ripoti. Nilipenda tu kwamba niliwasikia kama watu. Katika zile nyingine walikuwa radi na mvua, katika hii walikuwa wanaume waliochoka ambao walikuwa bado na kazi ya kumaliza. Nilipomwambia Paluku hivyo alinitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejitahidi akakosa, na akasema kuchoka si kitu cha kupewa alama.

Nafasi ya mwisho haikuwa mchezo, na hapa lazima nikueleze desturi ya siku zile. Posta ilikuwa jengo tu. Simu zilikuwa za watu wachache. Watu wa Butembo tuliokaa Goma tulituma barua za sauti: unarekodi maneno kwenye kaseti, unampa dereva wa lori, naye anaifikisha nyumbani. Nyanya yetu mzaa mama, ambaye tulimwita tate, hakujua kusoma, na kwake barua halisi ilikuwa ile inayosema. Kaseti mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo ulirekodi juu ya ile uliyonayo. Ulikunja kipande cha karatasi, ukakibana kwenye matundu mawili ya juu ili redio ikubali, na kilichokuwamo kikafutika daima. Kaseti iliyoshika mkia ndiyo ingekufa kwanza.

Wakati huo Papa hakuwa nyumbani. Tuliambiwa yuko katika mji wa Kiwanja, anapakia maharage, na atarudi barabara ikitulia. Miezi ilipita. Mama aliacha kumwekea sahani. Mimi niliona hiyo ni akili tu, chakula kisiharibike.

Jumamosi moja asubuhi Mama alimwita Paluku. "Uniletee kaseti moja yenye hauna nayo kazi. Shoferi wa Butembo anaondoka saa nane, na mi niko na maneno kwa tate yenu."

"Numéro quatre, ya ine," Paluku alisema bila kufikiri. "Ile hata ikipotea, hakuna mutu atalia."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikulia, nilikasirika. Alikuwa ameisema hukumu ile mbele yangu kama vile sikuwapo. Alipotoka kwenda kumsihi dereva asituache, nilipanda juu ya ndoo, nikashusha makasha mawili kutoka rafu yake. Karatasi za kwenye kaseti zenyewe zilikuwa zimebanduka kwa unyevu, namba zilibaki kwenye makasha tu. Nikaitia ya nne ndani ya kasha la kwanza, na ya kwanza ndani ya kasha la nne. Ningeweza kubadilisha na ya tatu, ile iliyooshwa, na hakuna ambaye angeumia sana. Nilichagua ya kwanza kwa sababu nilitaka aumie. Nasema hivi ili usinionee huruma mapema.

Mama hakurekodi barua kwa nguo za jikoni. Alioga, akavaa kitenge cha kanisani na kilemba chake, akajipaka mafuta usoni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa ameunganisha magoti, kama aliye mbele ya mama yake mwenyewe. Paluku alitundika shuka mlangoni kuzuia kelele za majirani, akamfukuza jogoo, akakaa kwenye kigoda na redio mapajani. Mimi niliruhusiwa kubaki nikifunga mdomo. Akabonyeza vitufe viwili pamoja.

"Wabukire, mama," Mama alianza, na baada ya salamu akaendelea kwa Kinande chote, lugha ya kwetu Butembo.

Mimi nilizaliwa Goma. Kinande changu kilikuwa cha salamu na cha kugombezwa. Nilisikia jina langu, nikasikia jina la Paluku, nikasikia Kiwanja mara mbili, nikajua anaeleza habari za maharage. Sauti yake ilikuwa tambarare, bila kupanda wala kushuka. Macho yangu yalikuwa kwa Paluku. Ghafla aliinama akachungulia kile kidirisha cha redio ambapo ukanda huzunguka. Kidole chake kikahamia kwenye kitufe cha kusimamisha. Moyo wangu ulianza kupiga hadi nikaogopa utaingia kwenye barua. Kidole kilikaa pale juu ya kitufe. Paluku akainua macho, akamtazama Mama, ambaye alikuwa akisema akitazama ukuta. Kisha akakirudisha kidole polepole juu ya goti. Nikapumua. Nilijiambia alikuwa anahakikisha tu kwamba ukanda unaenda.

Mama alisema kwa kama robo saa. Alipomaliza alivua kilemba, akakikunja vizuri, akajilaza na nguo zake nzuri hivyo hivyo, mchana mweupe. Paluku alipeleka kaseti kwa dereva.

Niliingojea hasira yake. Jioni ile ile alishusha kasha la kwanza, akaweka kaseti, na ile sauti iliyokauka ninayoijua ikasikika. Nilijikunja nyuma ya pazia nikijua kwamba sasa ndiyo sasa. Aliisikiliza yote, upande wa kwanza na wa pili, akairudisha kwenye kasha lenye namba moja, na tangu siku hiyo hakutoa alama tena. Ile ripoti niliikuta imewashiwa makaa. Wewe ungefikiri nini? Nilifikiri nimeshinda. Nilitembea mtaani wiki nzima nikiwa na shingo ndefu, nikiamini kaka yangu, na elimu yake yote, hatimaye ameisikia kaseti ya nne kwa masikio yangu.

Jibu la tate lilikuja baada ya wiki tatu hivi. Kaseti ile ile, upande wa pili. Tulikaa wote watatu. Tate alisema muda mrefu, na mahali fulani Mama aliziba mdomo kwa mkono, akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukoma. Nilimvuta Paluku shati anitafsirie. Barua ya Mama ilipoisha, ukanda ulikuwa bado una nafasi, na pale iliposimama sauti yake ndipo ulipokuwa ule umati wa wimbo wa tatu, maelfu ya watu wakipaza sauti. "Tate anasema amebasikia bale batu bote," Paluku alininong'oneza. "Bale bamelia na Mama kisha kumaliza kusema. Anasema amelala vizuri, juu amejua Mama haiko yeye peke yake."

Nilicheka na mimi. Ilikuwa kichekesho kweli, tate wetu kudhani wazungu wa metali wamekuja matangani. Sikujiuliza kwa nini kulikuwa na matanga.

Mama amefariki mwaka huu, wakati wa mvua. Kwa sasa simu kila mtu anayo, na hiyo ina taabu yake. Walipiga kutoka Butembo, kutoka Beni, kutoka Kampala, kila mmoja peke yake, na kila mmoja alitaka kusikia tangu mwanzo: alianza kuumwa lini, alisema nini, nani alikuwapo. Nilieleza. Nikaeleza tena. Kwenye simu ya nne nilifika pale alipoomba maji, na maneno yakagoma kutoka. Paluku, ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko Papa alivyowahi kuwa nazo mbele yetu, aliichukua simu mkononi mwangu, akasema, "Niachie." Wengine wote aliwajibu yeye.

Watu walipopungua tukabaki wawili na vikombe vya chai iliyopoa. Ili kumchekesha kidogo, nikaungama. Nikamwambia mimi ndiye niliyebadilisha kaseti.

"Nilijua," alisema. "Ya kwanza ilikuwa na magurudumu meupe. Ya ine ilikuwa na ya kahawia. Niliyaona pale pale, Mama ako nasema."

Nikamwuliza kwa nini hakusimamisha. Kidole nilikiona mwenyewe, kilikuwa juu ya kitufe.

Akanieleza kile ambacho Kinande changu kilininyima. Mama alikuwa amemwambia tate kwamba Papa ameoa mwanamke mwingine Kiwanja, kwamba ametuma mtu kuchukua nguo zake, na kwamba harudi. Paluku naye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, akiwa na redio mapajani, na katika dakika ile ile akayaona yale magurudumu meupe.

"Haukuumia?" nilimwuliza.

"Niliumia, Kahindo. Ile kaseti niliipenda sana." Alizungusha chai kikombeni bila kunywa. "Lakini Mama alikuwa amekwisha kuyasema. Ningeisimamisha, angeanza tena."